Kabla hujapanda chombo Ziwa Victoria: mambo ya kuzingatia

Wengi wanaoogopa ziwa wanaogopa mawimbi. Yaogope, lakini ukizitazama ajali kubwa za Ziwa Victoria utaona kwamba zilizoua watu wengi zaidi hazikutokea kwenye dhoruba katikati ya maji. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imebakiza mwendo mfupi kuingia Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinaliona gati la kisiwa cha Ukara. Vyote viwili vilipinduka karibu na mwisho wa safari, vikiwa vimebeba watu kupita kiasi, na uzito ukiwa umekaa pabaya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usalama wako unaikagua ukiwa bado nchi kavu, na huhitaji kuwa nahodha.

Anza na tiketi. Iwe na jina lako na jina la kila mtoto uliye naye; mtoto wa mgongoni naye ni abiria. MV Bukoba iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa Mei 21, 1996 hutajwa kwa makadirio, kuanzia 800 na zaidi hadi karibu 1,000. Usitegemee orodha ya chomboni, maana nayo inazama. Kabla ya kupanda, mtumie ndugu aliyebaki ujumbe wenye jina la chombo, saa ya kuondoka, mwalo au gati unakoshukia, na majina ya ulio nao.

Hali ya hewa: sikiliza utabiri wa ziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, usitazame mbingu tu. Ziwa hili ni pana lakini si la kina kirefu, pa kina zaidi ni kama mita 80, hivyo mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima na yanakuja kwa kufuatana. Ngurumo nyingi huundwa juu ya ziwa usiku mpaka alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati. Alasiri upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Boti ndogo isivuke usiku. Mkiwa majini ukaona wingu jeusi limekaa kama ukuta na upepo wa baridi ukawapiga ghafla, mwambieni nahodha aelekee ufukwe wa karibu, hata kama siko mnakokwenda.

Umri wa chombo usikutishe peke yake. Kule Ziwa Tanganyika, meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi zisiliwe na kutu. Ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba na kusafirisha watu miongo mingi baada ya hapo. Meli iliyoitwa Vipya, ya Ziwa Nyasa, ilikuwa mpya kabisa, ikazama Julai 1946 na watu 145. Ulizia chombo kilipandishwa chelezoni, yaani nchi kavu kwa matengenezo, lini mara ya mwisho na kama kina cheti halali cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mwenye cheti hukionyesha bila kukasirika.

Sasa mzigo. Simama ubavuni mwa chombo, si mbele, utafute mstari wa kupakilia uliochorwa ubavuni. Mstari huo ukiwa chini ya maji, au umepakwa rangi juu yake, rudi nyumbani. Boti ya mbao isiyo na mstari ipime hivi: kaa ulipopangiwa, teremsha mkono nje. Vidole vikigusa maji bila wewe kuinama, imejaa mno. Kisha tazama kama imelalia upande au imeinamia mbele kabla hata ya kuondoka. Chombo kilichopakiwa vizuri hukaa sawa.

Na usiamini hesabu ya magunia. Gunia linaloandikwa kilo 100 likiwa lumbesa linafika 120 na zaidi, kwa hiyo magunia 50 yaliyoandikwa tani 5 ni tani 6. Saruji ina afadhali, mfuko wa kilo 50 ni kilo 50. Mzigo mzito ukae chini kabisa na katikati, ufungwe kamba. Magunia yakipangwa juu ya sitaha, au kreti za soda zikawekwa juu ya paa, chombo kinakuwa kizito kichwani hata kama jumla ya tani haijavuka kiwango.

Hapa ndipo penye jambo ambalo abiria wengi hawalijui, na linaloua kuliko yote: uzito unaohama.

Alhamisi ya Septemba 20, 2018, MV Nyerere iliondoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kwenda Bwisya kisiwani Ukara. Iliidhinishwa kubeba abiria 101 na tani 25 za mzigo. Waliokufa walifika 228 na waliookolewa wakawa 41, yaani zaidi ya watu 260 kwenye chombo cha watu 101. Pamoja nao kulikuwa na mizigo ya gulio. Kwa safari karibu nzima kivuko kilielea. Lazima uelewe kwa nini, kwa sababu kuelea huko ndiko kunakowadanganya watu: wakiwa wametawanyika, wengine wamekaa chini, pande mbili zinalingana na chombo kinavumilia. Kinapokaribia gati mambo matatu hutokea kwa dakika moja. Waliokaa wanasimama, kwa hiyo uzito unapanda juu. Wanabeba mizigo yao wanasogea upande wa mlango ili wawe wa kwanza kushuka. Na usukani unakatwa ili chombo kilenge gati, na kila chombo kikikata kona hulala upande.

Fanya hesabu. Watu 60 wa kilo 60 ni tani 3.6. Wakihama mita 3 kwa pamoja ni kama umeichukua Canter iliyoshiba mzigo ukaihamishia ubavu mmoja wa kivuko. Chombo kinainama, walio upande wa juu wanateleza kuwafuata wa chini, magunia yasiyofungwa nayo yanafuata, na kila kinachohama kinaongeza mlalo. Haichukui hata muda wa kuvaa jaketi. MV Nyerere ilipinduka karibu sana na gati, waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao wakiona.

Dalili yake inaonekana mapema ukijua kuitazama. Chombo chenye mizani nzuri kikilazwa na wimbi hurudi upesi, hata kinakukera kwa kukurusharusha. Kinacholala upande kikachelewa, kikabaki pale kidogo kana kwamba kinafikiri, halafu kikarudi polepole, hicho kimezidiwa juu. Watu hukisifia kwamba kinakwenda laini. Ukiuona mlalo wa namna hiyo bado mko karibu na gati mlilotoka, shuka. Mkiwa mmeshafika mbali, waombe wa juu wateremke sitaha ya chini, watu wakae, na mkifika mtu asinyanyuke mpaka kamba ya mbele na ya nyuma zimefungwa. Wewe anza kubaki umekaa, na mkeo na watoto wabaki wamekaa. Ukiona umati unakimbilia upande mmoja usiwafuate, hata kama ndiko uliko mlango.

Maji yaliyoingia ndani ni uzito unaohama pia, tena mbaya zaidi, kwa sababu yenyewe hukimbilia upande ulioinama bila kuitwa. Sentimita 10 za maji juu ya sakafu ya mita 10 kwa 6 ni tani 6. Boti ya mbao lazima iwe na ndoo mbili na mtu aliyepewa kazi ya kutoa maji kwa jina. Angalia maungio ya mbao: pamba na mafuta ya kalafati yanayoziba nafasi kati ya mbao yakiwa yametoka, utaona mchirizi mwembamba wa maji hata ikiwa imetia nanga. Mchirizi huo kwenye mawimbi unakuwa bomba.

Jaketi la kujiokolea uvae kabla ya kuondoka, usilikalie. Livute mikanda yote. Libonyeze kwa dole gumba: likibaki limebonyea bila kurudi, sifongo yake imekufa. Vifungo vifunge vyenyewe, visiwe vya kamba ya kiatu. Jaketi zuri la mtu mzima hukuinua kwa nguvu ya kama kilo 15. Mtoto akivalishwa la mtu mzima atachomoka kwa chini, kwa hiyo la kwake liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Dumu tupu la lita 20 lililokazwa kifuniko linainua kama kilo 19, lakini halikuweki uso juu. Lifunge kamba ya mita moja uizungushe mkononi. Mama mwenye mtoto amfungue mgongoni amshike mbele, maana jaketi humlaza mvaaji chali, na mtoto wa mgongoni anakuwa chini ya maji.

Ila ndani ya chumba kilichofungwa jaketi linaweza kukugandamiza darini maji yakijaa. Kaa karibu na mlango, jua njia mbili za kutoka, na ukisikia chombo kinalala toka kwanza sitahani.

Injini: boti haipinduki kwa sababu injini imezima, inapinduka kwa sababu imezima ikageuka ubavu kwenye mawimbi. Kwa hiyo uliza kama kuna plagi za akiba, makasia mawili, na nanga yenye kamba ndefu angalau mara tatu ya kina, yaani mita 60 kwenye maji ya mita 20. Injini ikifa nanga ishushwe kutoka mbele, kamwe si nyuma, boti itazame wimbi. Kama kina ni kirefu mno, ndoo iliyofungwa kamba na kuburutwa kutoka mbele inasaidia kuielekeza.

Usiku chombo kiwe na taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe juu. Mabehewa ya treni yanayovushwa ziwani yalikuwa na meli zao kubwa za Uganda, Kabalega na Kaawa. Mei 2005 ziligongana zenyewe kwa zenyewe na Kabalega ikazama. Ikiwa meli za ukubwa ule ziligongana, boti isiyo na taa katikati ya taa za wavuvi wa dagaa haionekani kabisa.

Chombo kikipinduka na bado kinaelea, msikiache. Wa nje washikilie, wasiogelee kwenda nchi kavu. Ufukwe unaoonekana karibu huwa mbali. Na walio na nyundo na mashine za kukatia bati wasitoboe. MV Bukoba ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, watu wakisikika ndani wakigonga. Likatobolewa tundu kwa nia ya kuwatoa, hewa iliyokuwa imenaswa ikatoka kupitia tundu hilo, maji yakapanda kutoka chini, na meli ikazama nao. Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa inaibeba. Kwanza chombo kifungwe kwenye vyombo vingine au maboya, kisha wapiga mbizi wapite chini. Kwenye MV Nyerere fundi mmoja alitolewa hai siku 2 baada ya ajali kwa sababu alibaki kwenye mfuko wa hewa. Uliye ndani, subiri maji yaache kuingia kwa kasi, vuta pumzi, vua jaketi ukilikamata kwa mkanda, zama kuelekea mlango, ukijua kwamba sakafu sasa iko juu na kulia kumekuwa kushoto.

Wenye boti za kuokoa nao wajihadhari. Novemba 24, 2018, boti ya starehe ilipozama upande wa Uganda eneo la Mukono na kuua zaidi ya watu 30, boti za wavuvi zilizokimbilia zilivamiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, nazo zikazama. Simama mbali kidogo, rusha kamba na madumu, pandisha mmoja mmoja kutoka mbele au nyuma, si ubavuni.

Yaliyobaki ni madogo ila yana watu wake. Pombe acha. Viatu vya kufunga legeza kamba. Petroli isikae karibu na jiko la mkaa, hata kama mpishi ni mzoefu. Mbuzi na ng'ombe wafungwe kichwani kwa kamba fupi, wakishtuka nao ni uzito unaohama. Simu itie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, uivae shingoni, namba 112 iwe juu, na chaji usiimalize kwa muziki kabla hamjafika.