SOMO: Kutuma USDT bila kuipoteza njiani

Swali la "nimetuma, haijafika" linarudi kila siku. Jibu lote liko hapa, someni kabla ya kuuliza.

Sarafu ya kidijitali ni hesabu iliyoandikwa kwenye daftari moja lenye nakala katika kompyuta nyingi, bila benki inayolimiliki. Bitcoin, iliyoanza 2009, bei yake hupanda na kushuka. USDT imefungwa kwenye thamani ya dola moja ya Marekani, ndiyo maana watu hulipana kwayo.

1. Pakua pochi (programu ya kutunzia na kutumia sarafu) kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji.

2. Andika maneno yako 12 ya siri, yale pochi inayokupa na yanayoifungua, kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Usiyapige picha.

3. Mwombe mpokeaji anwani (mfuatano wa herufi na tarakimu wa kupokelea) na jina la mtandao, yaani daftari analopokelea.

4. Chagua mtandao. Hapa ndipo pesa hupotelea. USDT iko kwenye mitandao mingi isiyosomana, kila mmoja na daftari lake. Anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x, hivyo ukizichanganya pochi itakataa. Hatari iko kati ya Ethereum na BNB Smart Chain: zote ni 0x, pochi haikuonyi, pesa inaondoka. Mpokeaji akiwa na pochi yake mwenyewe, abadilishe mtandao ataiona. Kama anwani ni ya soko la kubadilishia sarafu lisilopokea mtandao huo, kuirudisha ni hiari yao, na wengi hukataa. Tena, ada hailipwi kwa USDT: Tron hutaka TRX, Ethereum hutaka ETH, yaani sarafu zake zenyewe. TRX isipotosha, muamala unaweza kukwama na ada ikaliwa vilevile.

5. Tuma kiasi kidogo, subiri mpokeaji athibitishe, kisha tuma kilichobaki.

MASWALI

— Mkuu nimetuma haijafika, msaada haraka.
Mtandao gani? Namba ya muamala iko wapi? Soma hatua ya 4, kisha rudi na hivyo viwili.

— Kuna mtu kanifuata faragha, anataka maneno yangu 12 ili airudishe.
Mwizi huyo. Mfungie sasa hivi.

— Kwa nini anwani za Ethereum na BNB Smart Chain zinafanana?
Swali zuri. Zote hutengeneza anwani kutokana na ufunguo wa siri (unaotokana na maneno yako 12) kwa kanuni ileile, kwa hiyo ufunguo mmoja hufungua anwani hiyohiyo pande zote mbili. Ila madaftari ni mawili. Salio la huku halionekani kule.

— Mbona leo Tron imenikata ada karibu mara mbili ya jana?
Yaelekea umetuma kwa anwani isiyo na USDT hata kidogo. Kuifungulia nafasi kwenye daftari hula nguvu zaidi (kipimo cha kazi ya mtandao, ambacho hulipiwa kwa TRX). Ukimtumia tena angali na salio, itashuka.

— Naongezea: msinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala. Matapeli hutuma kiasi cha sifuri kutoka anwani inayofanana na ya rafiki yako mwanzo na mwisho.
Kweli kabisa. Linganisheni na herufi za katikati pia.