Kibali cha kazi nchi jirani: ya kukamilisha Dodoma kabla ya kufika mpakani

Dirisha la Uhamiaji pale Namanga au Rusumo halitengenezi kibali cha kazi. Ofisa aliyekaa hapo anasoma ulichobeba, anakuuliza unakwenda kufanya nini, kisha anagonga muhuri unaolingana na jibu lako. Anayetoka Kondoa au Manyoni akitegemea kumalizana huko huko mpakani amechelewa tangu anakata tiketi stendi ya Nanenane.

Anza na pasipoti. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe kuvusha raia wao kwa vitambulisho, na Tanzania haimo katika makubaliano hayo. Hati ya dharura nayo ni ya safari tu, si ya kujengea ajira. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Maombi hujazwa mtandaoni, kisha fomu hupelekwa ofisi ya Uhamiaji pamoja na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, na ushahidi wa safari. Hicho cha mzazi ndicho kinachokwamisha watu wa vijijini, maana wazee wengi hawajawahi kuwa na cheti. Kishughulikie kwanza, kabla hata ya kupiga picha.

Hapo hapo linganisha majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mussa, NIDA inasema Musa, cheti cha VETA kimeacha jina la babu: kwako ni mtu mmoja, kwa ofisa wa nchi nyingine ni watu watatu. Kasoro ndogo inaweza kumalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Jina litakaloingia kwenye pasipoti ndilo liandikwe kwenye mkataba, herufi kwa herufi.

Mkataba ndio moyo wa shughuli yote, na tarehe yake ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, mwenye mkataba usiozidi siku 90 huomba pasi maalumu. Ukizidi siku 90, maombi ya kibali yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kufungwa. Mamlaka nayo ina siku 30 za kuamua, na kibali cha kwanza huwa cha hadi miaka 2. Siku 15 za kazi ni wiki tatu tu. Ukisaini wakati pasipoti bado iko Uhamiaji, wiki hizo zinaisha ukiwa nyumbani. Mwombe mwajiri barua ya ahadi ya ajira kwanza, na mkataba usainiwe pasipoti ikiwa mkononi. Uandikwe jina la mwajiri na usajili wake, cheo, mshahara, tarehe ya kuanza na muda. Cheo kifanane na cheti: mwenye cheti cha umeme wa majumbani aliyeandikwa "msaidizi" amejipunguzia hoja mwenyewe. Angalia pia kama kazi yako imo kwenye jedwali la itifaki, kwa sababu kila nchi ilifungua fani zake, si zote.

Anayekwenda Zambia kupitia Tunduma au Malawi kupitia Kasumulu asitumie hesabu hii. Nchi hizo haziko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki; hufuatwa sheria yao, na mwajiri ndiye wa kuanza kushughulikia kibali kabla hujafunga begi.

Cheti cha Polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kichukue ungali hapa, kwa kuwa kinahitaji alama za vidole na kukifuatilia kutoka nje ni usumbufu. Chanjo ya homa ya manjano hutambulika siku 10 baada ya sindano, na kadi yake hudumu maisha yote. Kuchanja jana ili usafiri leo hakusaidii.

Nakala nazo zina mitego yake. Kwenye steshenari hakikisha ukurasa wa picha wa pasipoti umeskaniwa mzima, pamoja na ile mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini kabisa. Anayepiga kwa simu huikata, na maombi hurudishwa. Weka kila hati kwenye faili lake, tuma kwa barua pepe yako mwenyewe, na ubebe nakala tatu zilizothibitishwa na wakili.

Kama kazi umeipata kupitia wakala, dai kuona leseni yake, kisha uihakiki kwa TaESA, yaani huduma ya ajira ya serikali, au wizara inayosimamia kazi, ambayo iko Dodoma hapa hapa. Kishoka anayesema "ingia kama mgeni, kibali utapewa kazini" anakuuza. Raia wa Jumuiya hupewa pasi ya kutembea ya hadi miezi 6 kwa urahisi, lakini pasi hiyo hairuhusu kazi, na ukikutwa kazini nayo, anayekamatwa ni wewe.

Kwenye kituo cha pamoja kama Namanga, unayeingia Kenya huvuka moja kwa moja hadi jengo la upande wa pili: meza ya kwanza ni ya Tanzania kukutoa, inayofuata ni ya Kenya kukupokea. Fika asubuhi siku ya kazi, mwajiri akiwa ofisini wa kupokea simu. Sema unakwenda kuanza kazi, toa mkataba kabla hujaulizwa, omba pasi ya kukuwezesha kukamilisha maombi ya kibali. Kisha usiondoke dirishani hadi umesoma muhuri: aina ya pasi, idadi ya siku, tarehe. Kosa lililoonekana hapo hurekebishwa na ofisa yule yule; likigunduliwa Nairobi, utapanga foleni makao makuu yao.