Oili inavuja kwenye injini ya pikipiki: tafuta chanzo kabla ya kununua sili

Mwongozo huu ni wa pikipiki zinazobeba abiria na mizigo Tanga kila siku: Boxer, TVS HLX na zile za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG, yaani iliyoigwa kutoka Honda CG125. Zote ni za silinda moja, hupozwa na upepo, na oili ileile ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Kwa hiyo hata mahali zinapovujia hapatofautiani sana.

Ukiona tone chini ya injini, usikimbilie duka la spea Ngamiani. Oili hutoka juu, ikateremka kwenye mapezi ya silinda, upepo ukaisukuma nyuma. Inakodondokea siko inakotoka. Ndiyo maana sili ya gia (mpira wa duara unaozuia oili kutoka pembeni mwa shafti) hubadilishwa mara mbili, kumbe kinachovuja ni kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini kinachofunika valvu.

Andaa

Spana namba 8, 10, 14 na 17 pamoja na boksi zake (spana za kuchomeka juu ya bolti), bisibisi, nyundo ya mpira, wembe, thina, nusu lita ya mafuta ya taa, brashi ya kufulia, pauda ya mtoto, matambara na beseni. Oili mpya andaa lita 1 hadi 1.2, kipimo kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kava la injini pia.

Hatua ya 1: Osha, kausha, paka pauda

Injini ikiwa imepoa, sugua kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji. Toa pia kava la sproketi ya mbele, maana tope la humo lenye grisi ya cheni hudanganya wengi. Kausha kabisa. Nyunyiza pauda kuzunguka maungio yote, washa injini dakika 5 hadi 10, kisha tazama kwa tochi. Pauda hugeuka rangi pale oili inapochomoza. Alama iliyo juu zaidi na mbele zaidi ndiyo chanzo. Zilizo chini yake ni michirizi tu.

Hatua ya 2: Angalia mpira wa kupumulia

Hapa ndipo wengi huruka. Gesi kidogo hupita pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia chini ya pistoni, nayo hutokea kwenye mpira wa kupumulia. Mpira ukikunjika au ukiziba kwa tope, presha hutafuta njia nyingine: inasukuma sili. Uchomoe, upulize kwa mdomo. Hewa ipite bila shida.

Pima na oili. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare. Kwenye pikipiki nyingi hizi, kijiti cha kupimia hupumzishwa tu juu ya tundu bila kukazwa. Oili ikizidi alama ya juu, punguza. Kuzidisha "kwa usalama" ni chanzo cha uvujaji.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta. Moshi mwepesi unaotoka kidogo kidogo ni kawaida. Moshi mzito unaosukuma mfululizo maana yake ringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu. Kazi hiyo ni ya kufungua silinda.

Hatua ya 3: Anza na vilivyo rahisi

Bolti ya kumwagia oili ikilowa, badilisha washa yake, ile ringi bapa ya chuma. Ya shaba au aluminiamu hubonyea mara moja na kumaliza kazi. Kaza kwa karibu Nm 25 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani spana ya kawaida kwa mkono mmoja, bila bomba la kurefushia. Uzi ukiwa umekufa, peleka kwa fundi mchongaji auchonge upya au aweke uzi wa chuma. Usizungushie tepu ya mabomba: vipande vyake huishia kwenye chujio la oili.

Kwenye injini za CG, pale chini kuna kifuniko kikubwa chenye springi na chujio la waya. Mpira wake ukikauka unavuja. Safisha chujio papo hapo.

Vifuniko vya tapeti vina mpira wa kuziba. Ukiwa bapa au mgumu kama plastiki, weka mpya, upake oili, kaza kwa wastani.

Hatua ya 4: Sili ya gia na ya sproketi ya mbele

Kwa huku pwani hizi ndizo zinazoongoza. Hewa ya chumvi hula shafti ya gia sehemu iliyo nje, na pikipiki inayobeba samaki kutoka soko la Deep Sea huongezewa maji ya chumvi kwenye cheni. Kutu ikikwaruza shafti, mdomo wa sili hukatika polepole. Mchanga humalizia.

1. Toa pedali ya gia. Kwa sili ya sproketi, legeza cheni na toa sproketi. Kabla ya kugusa sili, shika shafti ya sproketi uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekufa na sili mpya itavuja tena. Cheni iliyokazwa kupita kiasi ndiyo mara nyingi huiua. Iache icheze sentimita 2 hadi 3 katikati.

2. Soma namba iliyo kwenye sili: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Nenda dukani na namba hiyo au na sili yenyewe. Jina la pikipiki peke yake halitoshi. Injini nyingine zina bati linaloshikilia sili, litoe kwanza.

3. Ichomoe kwa ndoano au ncha ya bisibisi, ukiegemea sili na si shafti. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti ni uvujaji mpya.

4. Pitisha ukucha juu ya shafti. Kutu isugue kwa msasa laini namba 1000 wenye oili, ukizungusha kufuata mviringo. Ukikuta mfereji, sili mpya ikae milimita moja zaidi nje, ili mdomo wake uguse sehemu nzima.

5. Funga meno ya shafti kwa kipande cha nailoni, paka oili kwenye mdomo wa sili, ingiza upande wenye springi ukitazama ndani ya injini. Gonga taratibu kwa boksi ya spana yenye upana wa sili, iingie sawasawa. Ikienda upande, itoe uanze upya.

Hatua ya 5: Gasketi ya kava la klachi

Mwaga oili, toa kiki na waya wa klachi. Bolti hazina urefu sawa, kwa hiyo chora kava kwenye boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi hupasua injini.

Kava likigoma, gonga kwa nyundo ya mpira. Usipenyeze bisibisi kwenye muungano. Likitoka, chungulia ndani yake, maana washa ya shafti ya kiki hupenda kunata humo. Ziba injini kwa tambara, kwangua gasketi ya zamani (karatasi ya kuziba muungano) kwa wembe na thina.

Ukikata gasketi mwenyewe, tumia karatasi ya gasketi ya nusu milimita na fuata kila tundu. Injini nyingi zina tundu dogo la kupitishia oili kutoka kwenye pampu. Ukilisahau, gasketi inaziba njia na injini inanoki (inakwama kwa kukosa oili) ndani ya muda mfupi ikiwa imekauka kabisa kwa nje. Silikoni nyekundu huleta balaa hilohilo: inayobanwa nje unaiona, inayobanwa ndani inakwenda kwenye matundu ya oili. Kama lazima uipake, iwe nyembamba kama utando na mbali na matundu.

Rudisha zile pini mbili za kuongozea kava, kaza bolti kwa mtindo wa msalaba, awamu mbili, mwisho karibu Nm 10. Bolti za namba 8 kichwani hukatika kwa hasira ndogo.

Hatua ya 6: Jaza na upime

Boxer hutumia oili ya uzito wa 20W-50. Nyingine fuata kitabu. Chupa iandikwe JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki inayolowa oili. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ikilowa humo huteleza. Oili chafu itie kwenye dumu, isiingie mtaroni: mifereji ya mji huu inaishia baharini.

Washa dakika tatu, zima, subiri kidogo, pima tena. Endesha mpaka Pongwe na kurudi, kisha iache pikipiki isimame usiku kucha juu ya boksi safi la karatasi. Asubuhi boksi likiwa kavu, weka alama ya kiwango cha oili na ukague baada ya kilomita 200. Kikishuka na nje pakavu, injini inakula oili: angalia moshi wa bluu kwenye eksozi, na hela ya sili nyingine itunze kwa ajili ya ringi na sili za valvu.