Somo: Kunasa pakiti mara moja kwa ajili ya ufuatiliaji na ripoti

Programu ya ufuatiliaji na programu ya ripoti zikinasa trafiki ya mtandao kila moja kivyake, hesabu zao hazitalingana hata kama zinasikiliza kiolesura kimoja (kiungo cha kompyuta na mtandao), kwa kuwa moja huanza kabla ya nyingine na yoyote kati yao huweza kudondosha pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, seva inapolemewa. Katika somo hili tcpdump, programu ya kunasa pakiti kwa amri, ndiyo pekee inayonasa. Nyingine zote husoma faili ambazo imekwisha kuzifunga.

Hatua ya 1. Tengeneza saraka mbili, /data/naswa na /data/tayari, zote katika sehemu moja ya diski. Sharti hili lisipuuzwe: ndani ya sehemu moja, amri ya mv hubadilisha jina la faili kwa mkupuo, ilhali kati ya sehemu mbili hunakili baiti zote, na programu ya ripoti inaweza kuikuta faili ikiwa nusu na kulalamika kwamba imekatikia katikati ya pakiti.

Hatua ya 2. Andika hati fupi, /usr/local/bin/hamisha.sh, kisha uipe ruhusa ya kutekelezwa:

#!/bin/sh
mv "$1" /data/tayari/

Hatua ya 3. Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), anza kunasa:

TZ=UTC tcpdump -i eth0 -n -s 128 -G 300 -w '/data/naswa/%Y%m%d-%H%M%S.pcap' -z /usr/local/bin/hamisha.sh

Hapo faili mpya hufunguliwa kila baada ya sekunde 300 (-G), na iliyofungwa hukabidhiwa kwa hati yetu (-z). TZ=UTC huyafanya majina ya faili yafuate saa ileile inayotumika ndani yake, kwani muda wa kila pakiti huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC.

Hatua ya 4. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika, na yangu ya kwanza iliharibikia hapahapa. Katika faili ya pcap, muundo ambao tcpdump huhifadhia pakiti, kila pakiti hutanguliwa na baiti 16 zenye namba nne: sekunde, sehemu ya sekunde, urefu ulionaswa na urefu halisi. Kwa kuwa tumeweka -s 128, fremu (pakiti pamoja na kichwa chake cha Ethernet) ya baiti 1514 itahifadhiwa baiti 128 tu, ingawa urefu wake halisi umeandikwa palepale. Ripoti ikijumlisha urefu ulionaswa, upakuaji mkubwa utaonekana mdogo takriban mara 12 kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo, kwa tshark (programu ya amri inayosoma faili za pakiti), toa frame.len (urefu halisi), wala si frame.cap_len (urefu ulionaswa):

tshark -r faili.pcap -T fields -e frame.time_epoch -e ip.src -e ip.dst -e frame.len

Zingatia pia kwamba vichwa vya Ethernet, IPv4 na TCP (taarifa zinazotangulia maudhui ya pakiti) visivyo na nyongeza huchukua baiti 54, hivyo baiti 128 bado hubeba mwanzo wa maudhui, yakiwemo majina ya tovuti yanayoulizwa kwa DNS. Saraka ya /data/tayari isomwe na watumiaji wa programu za ufuatiliaji na ripoti pekee.

Maswali ya wanachama

Swali: Usiku faili hukaa zaidi ya saa nzima bila kufungwa. Je, -G imeshindwa?
Jibu: Haijashindwa. tcpdump hukagua muda pale pakiti inapofika. Kiolesura kikiwa kimya, faili hubaki wazi. Tuma ping kila dakika kupitia kiolesura hicho, na uiondoe katika ripoti.

Swali: Natumia Ubuntu. Faili zinafungwa vizuri lakini hazihamishwi.
Jibu: Kagua mambo mawili. Kwanza, tcpdump huacha mamlaka ya root baada ya kufungua kiolesura, kwa hiyo mtumiaji inayemgeukia lazima awe na ruhusa ya kuandika katika saraka zote mbili. Pili, kanuni za AppArmor (mfumo wa Ubuntu unaowekea programu mipaka) zinazokuja na tcpdump huizuia -z isiendeshe hati za kujitungia. Ongeza njia ya hati yako, pamoja na saraka inazozigusa, katika kanuni hizo. Tafadhali usiizime AppArmor yote kwa ajili ya mv moja.

Swali: Mwenzangu alinasa kwa Wireshark (programu ya kunasa na kuchambua pakiti), na programu yetu ya ripoti inaikataa faili yake.
Jibu: Tangu toleo la 1.8 la mwaka 2012, Wireshark huhifadhi kwa muundo wa pcapng, ambao ni tofauti na pcap. Igeuze hivi: editcap -F pcap yake.pcapng yetu.pcap. Maoni aliyoyaandika kwenye pakiti yatapotea, kwa hiyo itunze faili yake ya awali.