Kukarabati vyoo vya skuli: anzeni na maji na karo, marumaru baadaye

Kamati nyingi za skuli zikipata fedha za ukarabati hukimbilia rangi na marumaru. Siku ya ufunguzi vyoo hung'aa, na mwaka haujesha, nusu ya vyoo imetiwa kufuli. Choo cha skuli hufa kwa kukosa maji au kwa karo mbovu, yaani tangi la chini linalopokea maji machafu, basi fedha ziende huko kwanza.

Hesabuni watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka tundu moja kwa kila wasichana 25. Kwa kila wavulana 50 unataka tundu moja pamoja na sentimita 50 za ukuta wa kukojolea. Skuli ya mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ihesabu mkondo mkubwa, si rejesta nzima. Mkondo wa watoto 300, nusu kwa nusu, unataka matundu 6 ya wasichana, 3 ya wavulana na mita moja na nusu ya ukuta.

Maji nayo yana hesabu yake: lita 5 kwa mtoto kwa siku za kunywa, kunawa na usafi, hadi 3 za kumwagia choo, na hadi 2 za kutawaza, yaani kujisafisha baada ya haja. Kwa watoto 300 ni lita 3,000 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 5,000 halifiki siku ya pili jioni. Bomba likitoa maji kwa zamu, wekeni lita 10,000. Chagueni masinki ya kuchutama ya kumwagia kwa kopo. Ya kuvuta maji yenyewe hutaka lita 10 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Kila chumba kiwe na koki yake, ndoo na kopo. Mtoto akikosa maji ndani hutumia karatasi au kijiwe, na hivyo ndivyo vinavyoziba mkunjo wa bomba chini ya sinki.

Kabla ya kumwaga zege, choreni masinki sakafuni kwa chaki. Kibla kwetu Zanzibar ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo sinki lielekee mashariki au magharibi. Kuligeuza baadaye ni kuvunja sakafu yote.

Karo ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Kwenye maweni, kama Makunduchi, Paje na Micheweni, jiwe lina nyufa, na maji machafu hupita bila kuchujika hadi kisimani. Ile kanuni ya kukaa mita 30 mbali na kisima haitoshi hapo. Jengeni karo iliyozibwa chini na pembeni, yenye vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya nafasi. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 au zaidi kidogo, na yote mawili yawe na tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) inayoshuka ndani ya maji ili utando wa juu usitoke. Mafundi wengine huacha chini wazi ili maji yanywewe na ardhi, msikubali. Ipigeni karo plasta, ijazeni maji, wekeni alama, rudini baada ya saa 24. Yakishuka, kuna ufa. Shimo la kunywesha ardhi maji yanayotoka karoni lipimwe wakati wa masika, chini yake pabaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Udongo wa mfinyanzi haunywi upesi, hivyo hapo chimbeni mtaro mrefu wa kokoto badala ya shimo.

Mabomba yawe PVC ya inchi 4, yateremke sentimita 2.5 kwa kila mita. Penye kona tumieni elbo mbili za nyuzi 45, na jengeni chemba (kishimo cha kukagulia bomba) yenye mfuniko. Elbo moja ya nyuzi 90 ndiyo hukwama kila mara.

Msitumie mchanga wa pwani: chumvi yake hula nondo na sakafu hupasuka. Bawaba na makomeo yawe ya shaba au chuma kisichoshika kutu.

Upande wa wasichana, chumba kimoja kiwe kikubwa, chenye maji ndani, ndoano ya nguo, kioo, ndoo yenye mfuniko na komeo la ndani. Ndoo imwagwe kila siku na mtu aliyetajwa kwa jina; isipokuwa hivyo, pedi zitaishia shimoni.

Chumba cha wenye ulemavu kiwe na sinki la kukaa, mlango wa sentimita 90 unaofunguka nje, nafasi ya mita 1.5 ya kugeuza kiti, na vyuma vya kushikia. Njia ipande kwa 1:12: sakafu iliyo juu sentimita 30 inataka njia ya mita 3.6.

Koki za kunawia ziwe nje, karibu na mlango, na moja au mbili ziwe chini kwa watoto wadogo. Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwageni ndoo ya maji katika kila tundu, chemba zikiwa wazi, na muiachie skuli koki za akiba na washa zake (mipira ya kuzuia maji).