Kusaka vitu vya kale Singida huku unakula upepo wa ziwa

Ukitaja likizo ya ziwani watu akili zinaruka moja kwa moja Mwanza au Kigoma, sisi wa Kanda ya Kati tunaachiwa vumbi letu. Ila Singida mjini pale kuna maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na kutoka Dodoma ni kama kilomita 240 za lami tupu, unapanda basi stendi ya Nanenane asubuhi mchana ushafika. Hii ni kwa yule anayependa kutembea lakini akiona karabai kuukuu au sarafu imeshika kutu mkono unamwasha.

Ukiwa njiani kaa dirishani. Ukishapita Bahi na Kintinku gari linaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, usilale hapo aisee.

Ziwani nenda alfajiri au jioni, mchana jua la pale halina huruma na upepo wa Singida unaujua, hawajaamua bure kutaka kufunga mitambo ya umeme wa upepo huko. Asubuhi maji yametulia, miamba mikubwa imepangana pembeni utadhani kuna mtu kaipanga, na msimu ukikubali unakuta heroe (flamingo) wamejaa majini. Wasipokuwepo hawapo, usimlaumu mtu. Halafu kula kuku wa kienyeji, huo ndio mji wake.

Sasa kusaka. Usitegemee duka limeandikwa vitu vya kale mlangoni, huku halipo kivile. Anzia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wale wenye mizani na rundo la mabati nyuma ya nyumba, pasi za mkaa, vichwa vya cherehani, kandili, birika za shaba, vyote vinapita hapo vikielekea kuyeyushwa na vinauzwa kwa kilo. Pili minada. Mnada kwetu ni ng'ombe na nyama choma lakini pembeni huwa hakosi mama kakaa na vibuyu, vigoda, vyungu, na ukiwa bado Dodoma Jumamosi pitia Msalato uangalie bei kabla hujaenda mbali. Tatu, fundi redio na fundi saa wa zamani, hao wana makopo ya ajabu chini ya meza.

Namna ya kuingia ni muhimu kuliko hela. Usifike kwa mzee ukaanza na "hii bei gani". Shikamoo kwanza, kaa, ongea mvua na mahindi, kama ni Mgogo mpe "mbukwenyi" uone anavyofurahi, kitu utauliza mwishoni, na muulize kilikuwa cha nani. Akisita muache nacho. Na kijana akikuletea kigoda cha babu yake gizani huku anaangalia nyuma, usinunue, kesho ukoo mzima utakuwa gesti unakuulizia.

Kigoda cha kweli kimelika pale watu wanapokalia, chini kina alama za kuburutwa miaka na miaka. Cha kuzeeshwa kina weusi sawasawa kila kona mpaka kwenye nyufa, pitisha kitambaa chenye maji uone kama kiwi ya viatu haijatoka, au nusa tu.

Kwenye sarafu ndio pananogea. Zile za 1966 zenye sura ya Nyerere, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, shilingi ya mwenge, zipo nyingi mno, chukua kwa kumbukumbu lakini usidanganywe ni mali. Za Mjerumani ndio habari nyingine, rupia na heller (kama senti zake), nyingine zina tundu katikati. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walipofunga njia ya meli hela zikaisha, Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe 1916 kwenye karakana ya reli Tabora, heller 5 na heller 20, zina herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni lao) na T ya Tabora, mapigo yake mabovu mabovu. Sasa sikia hii, walipiga pia rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, hapo hapo mkoani Singida! Zilipigwa kama 16,000 tu kwa hiyo mtu akikunong'oneza anayo ya laki mbili kaipata shambani, mshukuru uondoke. Feki nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, uso una vitundu vidogo kama mchanga na herufi zimevimba. Tembea na sumaku ndogo, shaba na dhahabu hazinasi. Na tafadhali usiisugue na ndimu au majivu ukifika hoteli, ukiing'arisha thamani imeenda.

Sheria nayo. Meno ya tembo, hata bangili moja ya zamani ya bibi, usiguse, hiyo ni nyara ya serikali na jela inakuhusu. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo ukitaka kumtumia ndugu yako aliye nje kitu cha kale lazima kibali kwanza. Mawe ya kuchongwa au vigae ukiviona chini porini, piga picha viache.

Kurudi usirudie njia ile ile. Pita Katesh, unauona mlima Hanang mzima mzima kwa mbali halafu karibu, lala Babati ambako kuna ziwa lenye viboko (la maji baridi hilo), kesho yake shuka na lami ya Kondoa mpaka Kolo ukaone michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006. Kolo ripoti ofisi ya Mambo ya Kale upewe mtu wa kukuongoza, usijipandie mwenyewe, vaa viatu vya kukamata jiwe na beba maji ya kunywa tu, maana kuna watu huwa wanamwagia michoro maji ili itoke vizuri kwenye picha na hiyo ndiyo inayoifuta. Ukimaliza kabla ya saa tisa basi la Dodoma bado unalipata barabarani.