SOMO: Simu inachaji ila kompyuta haioni mafaili, fanya haya kabla hujaenda kwa fundi

Wakuu habari zenu. Watu wengi simu ikigoma kusoma kwenye kompyuta wanakimbilia kwa fundi, wakifika wanaambiwa sistimu chaji imekufa ibadilishwe, kumbe shida ni waya tu au simu haijaruhusiwa kutoa mafaili. Inaniuma sana kuona mtu anatoa hela kwa kitu ambacho angemaliza mwenyewe nyumbani. Twende taratibu, usiruke hatua.

HATUA YA 1: WAYA
Hapa ndo wengi wanapokwama. Waya wa USB wa kawaida ukiuchana ndani una nyaya 4, 2 za umeme na 2 za data, sasa hizi waya za bei chee na zile zinazokuja na spika ndogo au pawabanki nyingi zina zile 2 za umeme tu, kwa hiyo simu itachaji mpaka ijae lakini kompyuta haitajua kabisa kama kuna kitu kimechomekwa. Kuchaji sio ushahidi kwamba waya mzima! Azima waya ambao umeona kwa macho yako ukihamisha mafaili kwenye simu ya mwenzio, ujaribu na huo kwanza.

HATUA YA 2: RUHUSA
Android kuanzia toleo la 6 ukichomeka inajiweka kwenye kuchaji tu, ni usalama, asije mtu akachomeka simu yako akanyonya vitu vyako. Toa loki (ikiwa imelokiwa unaweza kuona jina la simu ila ndani patupu), vuta notifikesheni chini, gusa palipoandikwa inachaji kwa USB afu chagua "File transfer", simu nyingine wameandika MTP. Wa iPhone utaulizwa kama unaiamini kompyuta, bonyeza "Trust" uweke pasiwedi. Hiyo iPhone kwenye Windows utaona picha na video tu, nyimbo usizitafute humo.

HATUA YA 3: MATUNDU
Kompyuta ya mezani chomeka nyuma. Tundu la simu likijaa vumbi la mfukoni waya hauingii mpaka mwisho, zima simu utoe na kijiti cha meno polepole, sindano hapana.

HATUA YA 4: DRAIVA
Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa simu. Kwenye Windows fungua Device Manager, simu ikiwa na alama ya njano iklik kulia, "Uninstall device", chomoa, ristati kompyuta, chomeka tena, Windows itaweka draiva upya yenyewe.

MASWALI

Swali: Mkuu kwangu hiyo notifikesheni haiji kabisa, na waya nimebadilisha.
Jibu: Ingia setingi, About phone, gonga "Build number" mara 7, zitafunguka Developer options, humo tafuta "Default USB configuration" uweke File transfer. Kwenye Xiaomi unagonga namba ya toleo la mfumo wake.

Swali: Natumia Mac, Android haionekani.
Jibu: Mac haisomi MTP (ile njia ya Android ya kuhamisha mafaili) yenyewe dada, pakua programu ya OpenMTP, ni ya bure.

Swali: Nakopi video za harusi toka iPhone kwenda Windows inakatika katikati inaleta erori.
Jibu: Setingi za Photos, shuka mpaka chini kabisa, chagua "Keep Originals". Ikiwa kwenye Automatic simu inabadilisha fomati huku inatuma, ndo inapochemka.

Swali: Kioo changu tachi imekufa, sasa loki natoaje? Kuna picha za marehemu mama humo.
Jibu: Pole sana ndugu yangu. Kama bado kinaonyesha, nunua OTG (kile kiunganishi cha kuchomekea vitu vya USB kwenye simu) uchomeke mausi ya kompyuta, mshale utatokea, utatoa loki nao. Ila tundu ni hilo hilo moja, kwa hiyo ukishaingia tuma picha kwa intaneti, mfano Google Photos. Kama ni cheusi kabisa hapo nenda kwa fundi akufungie kioo kingine, na mwambie mapema kabisa asiiflashi (kuweka mfumo upya) wala asiiriseti (kuirudisha kama mpya) maana vyote hivyo vinaweza kufuta picha zote.